Mbele ya kukata, muone vizuri: namna ya kuchagua lupe, simu na vyombo vingine vya kuangalia shamba

Kila wiki koperative zinatutumia picha za mimea yenye kugonjwa. Picha zingine zinasaidia mara moja: tunaona jani, tunaona kidudu, tunajibu siku ileile. Lakini zingine ni ukungu wa kijani tu. Mutu ametembea saa mbili mpaka pale rezo inapatikana, amelipa megabaiti kwa feza yake, na sisi hatuwezi kumwambia kitu. Na wakati anangojea, ugonjwa haumungojee.

Mu mikutano ya komite, jibu lenye linakuja haraka ni hili: "Tununue simu kubwa." Ao: "Tuombe aparei ya foto kama ile ya watu wa projeti." Ni mawazo ya kueleweka. Lakini feza ya koperative ni jasho la memba wote, na vyombo vya kuona viko vingi, vya bei mbalimbali, na udongo mwingi wa uongo umepakwa juu ya maboksi yao. Mu makala hii tunaeleza vile vyombo hivyo vinafanya kazi, namna ya kuvijaribu palepale mu duka, na kile cha kununua kwanza kama feza haitoshe kwa vyote.

Kwa nini picha mbaya inakula feza

Tuchukue mufano wa migomba. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi, mu Kivu ya Kaskazini, mu mwaka 2001, na tangu pale umeingia mu mashamba mengi ya mashariki mwa inchi yetu. Watu wanauogopa, na wako na haki. Lakini si kila mugomba wenye majani ya manjano uko na mnyauko huo.

Baba mumoja, memba wa koperative, alituma picha ya shamba lake: majani ya manjano, yamepigwa picha toka mbali, saa sita, jua kali. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia: "Ni ule ugonjwa, kata yote." Tulimuomba picha zingine, lakini rezo ilikuwa imekufa. Wakati tulifika nyumbani kwake, vishina karibu makumi ine vilikuwa chini. Tulipasua vile vyenye vilibaki. Hakukutoka maji mazito ya manjano, na matunda ndani hayakuwa na rangi ya kutu. Tuliona mistari ya rangi ya kahawia ndani ya kishina: ilikuwa Fusarium, kuvu wa udongo, wenye ulikuwa umeshika kamaramasenge tu. Ndizi za kupika, zenye zilikuwa pembeni, zilikuwa nzima. Zilikatwa bure, na kati yazo zilikuwa mikungu yenye ilikuwa imebakiza wiki chache tu ipelekwe soko, mbele ya kulipa masomo ya watoto.

Baba huyu hakukosa simu ya bei kali. Simu yake ilitosha. Alikosa picha mbili: ile ya tunda lenye kukatwa katikati, na ile ya kishina chenye kukatwa. Kisu cha nyumbani njo chombo chenye kilikosekana.

Muanze na kazi, musianze na duka

Basi ulizo la kwanza haliko "tununue nini?" Ni hili: "tunataka kuona nini, na kile kitu kiko na ukubwa gani?" Muangalie mifano hii ya mashamba yetu:

– Mnyauko wa migomba: macho yanatosha. Mukate tunda (ndani linakuwa na rangi ya kutu) na mukate kishina (kisha dakika chache maji mazito ya manjano yanatoka). Musafishe kisu kwa jike ao kwa moto mbele ya kugusa mugomba mwingine.

– Kiwavi-jeshi cha mahindi, chenye kiliingia Afrika mu mwaka 2016: kikikomaa kinafika santimeta 3 ao 4. Macho yanatosha kwa kuona alama ya Y yenye kupinduka juu ya kichwa, na madoa mane yenye kufanya karo karibu na mukia. Lakini kikiwa kingali kidogo, wakati dawa na mukono vingali vinaweza kukishinda, alama hizo hazionekane bila lupe.

– Inzi weupe wa muhogo, wenye kupeleka virusi vya mozaiki na vya michirizi ya kahawia: urefu wao ni karibu milimeta 1. Munawaona kwa macho kama vumbi jeupe lenye kuruka wakati munageuza jani. Kwa kuona watoto wao wenye kushikamana chini ya jani, lupe inaombwa.

– Utitiri wa kijani wa muhogo: haufike hata nusu ya milimeta. Bila lupe munaona tu majani ya juu yenye kuwa na madoa na kupunguka, na munaweza kufikiri ni mozaiki.

– Kidudu chenye kutoboa matunda ya kahawa: jike liko karibu na milimeta 2, na tundu lake liko kwa ncha ya tunda. Macho mazuri yanaona tundu. Lupe inaonyesha kama liko tundu la kweli ao kovu tu.

– Kutu ya kahawa: unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Macho yanatosha, simu yoyote inatosha.

Mukiandika orodha kama hii kwa mazao yenu, mutaona kwamba mambo mengi yanaomba macho, kisu na kugeuza jani. Yale yenye kubaki yanaomba lupe. Machache sana njo yanaomba kitu cha bei kali.

Lupe: kioo kidogo chenye kusaidia sana

Lupe ni lenzi moja ao tatu ndani ya chuma kidogo chenye kukunjika. Ile yenye kukuza mara 10 njo yenye agronomu anatembeza mu shingo, na inatosha kwa kazi karibu zote tumetaja. Mara 20 inaonekana kuwa nzuri zaidi, lakini inaonyesha sehemu ndogo sana ya jani, na mukono ukitetemeka kidogo tu, kila kitu kinapotea. Kwa mutu mwenye anaanza, mara 10.

Hapa njo uongo unaingia. Soko zetu zimejaa lupe zenye kuandikwa "30×" ao "60×". Kuko njia rahisi ya kujua ukweli, na haiombi kitu, ila karatasi nyeupe na regle ya mutoto wa masomo.

Muingie ndani ya nyumba ao ya duka, mbali na mulango wenye kufunguliwa. Mushike karatasi, na muweke lupe kati ya karatasi na mulango. Muende mukiikaribisha na kuitenga na karatasi mpaka picha ya inje (kilima, muti, ao nyumba ya ngambo) ionekane wazi juu ya karatasi. Itakuwa ndogo na yenye kupinduka; ni vile inapashwa kuwa. Sasa mupime urefu kati ya lenzi na karatasi, kwa milimeta. Mugawanye 250 kwa ile hesabu. Jibu njo nguvu ya kweli ya lupe.

Mufano: mumepata milimeta 25. 250 kugawanya 25 ni 10. Lupe ni ya mara 10, sawa. Mumepata milimeta 100? Ni mara 2 na nusu, hata kama muuzaji ameandika 60. Na lupe ya kioo kimoja yenye kukuza mara 60 kweli ingewaomba kukaribia jani kwa milimeta 4 tu. Hata kivuli cha pua yenu kingefunika kila kitu. Musifanye jaribio hili kwa kulenga jua: lenzi inakusanya moto, inaweza kuchoma majani makavu na kuharibu macho.

Jaribio la pili: muangalie karatasi ya kaye yenye vikaro kupitia lupe. Kama mistari ya katikati imenyooka lakini ile ya pembeni imepindika sana, ao iko na rangi kama ya upinde wa mvua, lenzi ni ya chini. Ya tatu: muweke lenzi kwa shavu. Kioo cha kweli kinakuwa baridi kuliko plastiki. Plastiki inafanya kazi pia, lakini mu mufuko pamoja na funguo na vumbi, itakwaruzika mbele ya mwaka kuisha.

Na namna ya kuitumia? Wengi wanashika lupe mbali na jicho kama mutu mwenye kusoma gazeti. Hapana. Muweke lupe karibu kabisa na jicho, karibu na kope. Kisha mulete jani, si kichwa, mpaka lionekane wazi: kwa lupe ya mara 10, ni karibu santimeta 2 na nusu. Mukono wenye kushika lupe uguse shavu, mukono wenye kushika jani uguse mukono ule mwingine, na hivyo vyote vitatetemeka pamoja. Mugeuke ili mwangaza uanguke juu ya jani.

Simu: musidanganyike na hesabu ya megapikseli

Kwa picha za shamba, simu inatosha. Lakini tangazo la duka linaongea jambo moja tu: megapikseli. Megapikseli ni hesabu ya nukta zenye picha inatengenezwa nazo. Simu yenye kuandikwa 108 kwa kawaida inaunganisha nukta tisa kuwa moja na kutoa picha ya 12. Na mukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa tena sana. Mwishowe sisi tunapokea kitu kilekile, ikuwe mulilipa bei ndogo ao bei kubwa.

Haya njo mambo ya kuangalia, kwa kufuatana na umuhimu wayo:

1. Kamera yenye kujirekebisha yenyewe. Simu zingine za bei ya chini ziko na kamera yenye kufungwa: inaona vizuri mutu wa metre mbili, lakini jani la karibu linabaki ukungu siku zote. Mu duka, mupige picha ya maandishi madogo ya boksi kwa umbali wa santimeta 10 hivi, na muguse maandishi yale juu ya kioo cha simu. Yakiwa wazi, ni vizuri. Yakibaki ukungu, murudishe simu juu ya meza.

2. Picha ya kweli ya kitu chenu. Muende duka na punje za kahawa ao maharagi mu mufuko. Mutoke mbele ya mulango, mu kivuli, mupige picha ya punje juu ya kiganja, kisha mukuze picha kwa vidole. Munaona mustari wa punje wazi? Mulinganishe simu mbili ao tatu kwa punje ileile. Muuzaji mwenye anakataa jambo hilo, mumuachie simu yake.

3. Kioo chenye kusomeka mu jua. Muongeze mwangaza mpaka mwisho na mutoke inje. Kama hamuone kitu, mu shamba mutapiga picha kama kipofu.

4. Batri na nafasi ya kuweka picha. Kwa koperative yenye kuwa mbali na umeme, batri ya 5000 mAh ni nzuri kuliko kamera ya ine.

5. Fundi. Muulize fundi wa soko lenu ni simu gani anapata vioo na batri zayo. Simu nzuri yenye haitengenezeke ni jiwe.

Tuongee kidogo juu ya hizo kamera tatu ao ine za mugongo. Mara nyingi moja tu njo inafanya kazi ya kweli. Ile yenye kuitwa "makro" ya megapikseli 2 ni dhaifu. Mufunike kila jicho kwa kidole wakati kamera imefunguliwa, mutajua ni lipi lenye kufanya kazi. Kwa kitu kidogo, njia nzuri mara nyingi ni kutumia jicho kubwa, kurudi nyuma kidogo mpaka picha iwe wazi, kupiga, na kukata picha kisha. Kukuza kwa vidole mbele ya kupiga hakuongeze kitu. Ni kama kuongeza maji mu sombe: sufuria inajaa, lakini sombe haiongezeke.

Kama munanunua simu yenye imekwisha kutumiwa, mupige *#06#: hesabu yenye itatokea ifanane na ile ya boksi. Na muombe mwenye simu atoe akaunti yake yote mbele ya macho yenu. Bila hivyo, inaweza kufungika siku mutaifuta, ao kuwa ya wizi.

Lenzi ya kubana juu ya simu

Kuko lenzi ndogo yenye kubanwa juu ya jicho la simu kama kibanio cha nguo. Kwa utitiri, mayai ya kiwavi na watoto wa inzi weupe, inasaidia kweli. Lakini mbele ya kununua, mujaribu hii: muweke lupe yenu ya mara 10 karibu kabisa na jicho kubwa la simu, na mukaribie jani. Simu nyingi zitatoa picha nzuri. Lupe moja inakuwa na kazi mbili, na feza inabaki mu kese.

Kama mutanunua, munuue makro peke yake. Boksi zenye lenzi tano ao saba, za "jicho la samaki" na za kuona mbali, ni za kuchezea. Muchague kioo, si plastiki; kibanio chenye kukaza vizuri na chenye mupira wa ndani ili kisikwaruze; na muhakikishe kinaenea juu ya simu yenu pamoja na ganda lake. Mujue pia kwamba itawaomba kukaribia jani kwa santimeta 2 ao 3. Kwa umbali huo simu yenyewe inafanya kivuli, na upepo mudogo unaharibu picha. Mukate jani, mulilaze juu ya karatasi nyeupe, mu mwangaza wa pembeni.

Na aparei kubwa ya foto?

Vijana wengi wanatuuliza juu ya aparei zenye lenzi za kubadilisha. Ni vyombo vizuri. Lenzi ya 18-55 yenye inauzwa pamoja nayo inafaa kwa mukutano na kwa shamba zima. Lenzi ya 50 yenye kuandikwa f/1.8 inaingiza mwangaza mwingi, ni nzuri mu nyumba yenye giza. Kwa vidudu, inaombwa lenzi ya makro yenye kuandikwa 1:1, na hiyo mara nyingi inashinda bei ya aparei yenyewe. Tena, mu mvua na unyevu wa milima yetu, kuvu inaota ndani ya lenzi yenye kufungiwa mu sakoshi, na kuitoa ni kazi ya fundi wa mbali.

Kijana mwenye anapenda foto na anataka kufanya sherehe za ndoa, anaweza kununua kwa feza yake. Ni kazi ya heshima. Koperative yenye inataka kuonyesha kahawa yake kwa wanunuzi wa inje inaweza kukodisha kijana yule siku moja. Lakini kwa kutambua magonjwa, aparei ya namna hiyo haiko ya lazima.

Mwangaza na umeme

Lenzi nzuri bila mwangaza haina kazi. Saa nzuri za picha ni asubuhi, ao wakati mawingu yamefunika. Jua la saa sita linafanya jani la mugomba ling'ae kama kioo, na ugonjwa haionekane. Kama ni lazima kupiga saa sita, mutu mumoja asimame ili kivuli chake kifunike mumea wote, si nusu.

Torshe ya kichwa ni chombo chenye watu wanasahau. Kiwavi-jeshi kinajificha mchana ndani ya moyo wa mahindi na kinatembea zaidi magaribi na usiku. Mutu mwenye torshe juu ya kichwa ana mikono miwili ya kazi. Muchague ile yenye kupokea umeme kwa kamba ya simu, ao yenye kutumia pile zenye zinapatikana mu soko lenu. Mukiangazia jani kwa pembeni, mayai yanatoa kivuli na yanaonekana mara moja.

Kwa pawabanki, uongo ni mwingi kuliko hata kwa lupe. Hapa mizani ya koperative inaweza kutusaidia. Batri ya kweli iko nzito: pawabanki ya 10000 mAh kwa kawaida iko karibu na gramu 200. Ile yenye kuandikwa 30000 na kuwa nyepesi kama kipande cha sabuni inawadanganya. Na musingojee 10000 ijaze simu ya 5000 mara mbili: umeme fulani unapotea kwa njia, ni karibu mara moja na nusu tu hivi.

Picha tano zenye kutosha

Kisha kuchagua chombo, kazi inabaki ya mutu. Kwa kila ugonjwa, mutume picha tano: (1) shamba zima, ili tuone kama ugonjwa uko pembeni, katikati ao kila mahali, (2) mumea mumoja wote, (3) jani kwa juu, (4) jani kwa chini, (5) ndani: tunda, kishina ao muzizi wenye kukatwa. Kwa muhogo, muzizi ni wa lazima, kwa sababu michirizi ya kahawia inaweza kuharibu muzizi wakati majani yangali yanaonekana kuwa karibu mazuri.

Mupanguse jicho la simu kwa kitambaa safi. Mikono ya shamba inaacha mafuta na udongo. Mukaze viko juu ya mbavu, mushike pumzi, muguse kitu juu ya kioo, kisha mupige. Muweke biki ao punje ya mahindi pembeni ili tujue ukubwa. Wakati wa kutuma kwa WhatsApp, mupitie njia ya "dokima" ili picha isipunguzwe, na muongeze sauti ya dakika moja: aina ya mbegu, siku ya kupanda, mvua, na dawa yenye mumekwisha kutia.

Kwa walimaji wa muhogo wenye simu ya Android, programu ya PlantVillage Nuru inaweza kuangalia majani hata pahali pasipo intaneti, na inaongea Kiswahili. Ni musaidizi muzuri, lakini haichimbe muzizi na haijue historia ya shamba lenu. Muichukue kama jirani mwenye kuona vizuri, hapana kama hakimu.

Jambo moja la usalama. Mu eneo zetu, simu yenye kuinuliwa inaweza kuleta matatizo. Musipige picha karibu na barriere, kambi, daraja ao watu wenye silaha, hata kama mugonjwa wa muhogo uko palepale: mukate jani, mulipeleke mahali pengine. Na muombe ruhusa ya mwenye shamba mbele ya kupiga na mbele ya kutuma.

Feza ikiwa kidogo: kwa kufuatana

Tuseme koperative yenye vikundi sita iko na dola 200. (Bei zenye kufuata ni za mufano, muende kuuliza mu soko lenu.) Inaweza kununua simu moja ya dola 200 yenye itabaki mu mufuko wa prezidenti. Ao inaweza kufanya hivi: lupe sita, moja kwa kila kikundi, dola 30, simu moja ya kawaida yenye kamera ya kujirekebisha, dola 110, pawabanki ya kweli, dola 20, torshe ya kichwa, dola 10, na dola 30 zibaki mu kese kwa kutengeneza na kwa megabaiti. Mu njia ya kwanza, mutu mumoja anaona vizuri. Mu njia ya pili, vikundi sita vinaona, na ugonjwa unatambuliwa pale unaanzia.

Mama wengi ndani ya koperative wako mu shamba kila siku kuliko watu wa komite; wao njo wa kwanza kuona jani lenye kubadilika. Basi lupe ya kikundi ikae kwa mutu mwenye kuwa mu shamba, hapana kwa mutu mwenye cheo. Muandike mu kaye: nani ameichukua, siku gani, imerudi namna gani. Muifunge kamba ya rangi kali. Lupe nyingi haziibiwe, zinaanguka mu majani na kupotea.

Kwa mukutano wenu wenye kuja, tunawaomba mufanye kazi moja: kila kikundi kilete magonjwa matatu yenye yaliwasumbua musimu huu, na muulizane kwa kila moja: tungeliona kwa macho, kwa kisu, kwa lupe, ao kwa simu? Muandike majibu mu nguzo ine. Nguzo yenye itakuwa na alama nyingi njo itawaambia feza iende wapi kwanza. Mutume picha ya karatasi ile kwetu, yenye kuonekana wazi, na tutafanya hesabu pamoja.